Chuma Nilichomnyima Mwalimu

Mwalimu alikuwa ombaomba. Naandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na wanafunzi wake wakichukia ni shauri yao. Mtu mwenye shahada mpaka ile ya mwisho, anayefundisha uhandisi chuo kikuu, kila msimu wa kahawa alikuwa anapanda huku Mbinga na pikapu bovu, anashuka na kofia mkononi, anaomba. Aliomba kwenye chama cha ushirika. Aliomba baada ya misa, padri akimpa nafasi kwenye matangazo. Aliomba kwa wanunuzi wa kahawa, kwa wenye mashine za kusaga, kwa akina mama wa sokoni. Mimi nilianza maisha kwa kubeba mawe ya msingi kichwani na sikuwahi kumwomba mtu kitu, kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona nilimdharau.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala baba yake nani. Hayo yalisomwa siku ya mazishi yake, karatasi mbili nzima, na sikumwona yeye hata kwenye mstari mmoja. Chuoni walimwita Daktari. Huku kwetu ukiitwa Daktari watu watakuletea watoto wenye homa, basi sisi tulimwita Mwalimu, na mwenyewe alipenda hivyo.

Alichokuwa anaomba ndicho kilichotushangaza. Hakuanza na fedha. Alisimama mbele ya watu wa ushirika akauliza, "Nani ana kitu kilichovunjika?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamjibu kwamba ana mguu. Mwalimu akacheka naye, kisha akaeleza. Alisema anafundisha vijana watakaotengeneza mitambo ya nchi hii, na vijana hao hawajawahi kushika mtambo uliokufa. Wanachora vizuri, hesabu wanazijua, lakini ukiwapa beringi iliyopasuka wanaitazama kama maiti ya mtu wasiyemfahamu. "Nileteeni vilivyokatika, vilivyopinda, vilivyoungua. Msivisafishe. Hivyo ndivyo vitabu vyangu."

Sasa sisi Wamatengo tuna tabia zetu. Mgeni humpi kitu kibovu. Hata ukimpa kuku unamtafutia asiyechechemea. Ushirika ulikuwa na mashine ya kumenyea kahawa iliyovunjika meno, imelala nyuma ya ghala misimu mitatu. Mwenyekiti akaniita pembeni. "Fundi, mgeni anaitaka ile. Tutampaje ilivyo? Tutaonekana watu gani?" Nikaibeba mpaka karakanani kwangu. Nikachomelea meno mapya, nikabadilisha beringi, nikapiga rangi ya kijani mara mbili. Ukiizungusha kwa mkono unasikia raha. Siku ya kumkabidhi akina mama waliimba.

Mwalimu aliizunguka ile mashine taratibu. Akapitisha kidole kwenye meno. Akauliza nani kaitengeneza. Nikajitokeza, kifua mbele, nangoja sifa.

"Fundi," akasema, "umenifutia kitabu chote."

"Nimekupa kizima badala ya kibovu."

"Kizima kinauzwa dukani. Meno ya zamani yako wapi?"

"Nimeyatupa."

"Umeyatupa wapi?"

Basi, msomi yule aliingia kwenye shimo langu la takataka na viatu vyake vyeusi, akatoka na meno saba yenye majivu, akayafunga kwenye leso kama mtu aliyeokota dhahabu. Mashine ya kijani alituachia. Tuliitumia miaka mingi. Yale meno nilikuja kuyakuta chuoni juu ya meza, kila moja na karatasi yake, na vijana wameinama juu yake wanabishana lipi lilianza kufa.

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana, yeye akinuka shimo langu la takataka na mimi nimenuna.

Alikuwa mtu wa ziwani, na utani wetu haukuisha. Sisi wa milimani alituita wachimba mashimo, kwa sababu ya ngoro, yale mashimo tunayochimba shambani kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo. Mimi nilimwita mla mihogo. Akipanda huku alituletea mbasa wakavu, akishuka alibeba maharage. Lakini mtu huyo wa ziwani, aliyeandika vitabu juu ya nguvu ya maji, sikuwahi kumwona akipanda mtumbwi. Nilimuuliza. Akasema, "Mimi nayajua maji, ndiyo maana." Na nyumbani kwake bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Mtu aliyechora mitambo ya maji ya vijiji vingi alikuwa ameliacha limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na mpira ule nilikuta umeota ukungu. Nilipotoa spana nilitengeneze alinikataza. Alisema mkewe, Mungu amweke pema, ndiye aliyelifunga.

Sifa alikuwa mchoyo nazo. Mwanafunzi akifanya vizuri sana alimwambia, "Haijavunjika bado." Nilidhani ni ukali. Baadaye nikaelewa kwamba kwake yeye ilikuwa sifa kubwa kabisa, na wanafunzi walikuwa wanatambiana nayo.

Ukitaka kumwona amekasirika, mwulize kuhusu wafadhili. Pale chuoni kulikuwa na mashine moja kubwa iliyoletwa na watu wa nje, ina kioo na vitufe, ilizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Ilifanya kazi muhula mmoja. Kifaa kimoja kikaungua, na kifaa hicho hakipatikani nchi hii. Nilipomtembelea nilikuta ameitandikia kitambaa cha meza na kuweka chupa ya chai juu yake.

"Karibu kwenye meza ya gharama kuliko zote Tanzania," akaniambia.

Hatua tano kutoka hapo vijana walikuwa wanapokezana spana moja. Mmoja anaposhika, wengine wanatazama. Nikamuuliza kwa nini hao wafadhili hawakuleta spana. Akasema spana haina uzinduzi. Hakuna mkubwa atakayekata utepe wa spana. "Watu wengi wananiuliza tunataka nini. Namngoja mmoja aniulize mwaka jana tulivunja nini. Huyo akija nitajua ananisaidia kufundisha."

Sisi watu wa huku ndio alitufundisha kutoa. Nasema alitufundisha, kwa sababu tulidhani kutoa ni kazi ya matajiri. Mama mwenye mgahawa aliombwa sahani mbili za mchana kwa vijana wa fildi, wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo, akatoa. Katekista aliombwa chumba, akatoa. Mkulima mmoja aliombwa kijito chake, yaani awaache wanafunzi wasimike fimbo ya kupimia maji mwaka mzima na asipitishe ng'ombe wake pale. Huyo alitoa kijito na akawa anawapigia simu mwenyewe kuwaambia maji yamefika wapi. Msichana mmoja aliyefaulu na kukosa ada, Mwalimu alimtembeza kwa wanunuzi wa kahawa mmoja mmoja, akisema, "Huyu hapa. Mtazameni vizuri, kwa sababu siku moja atakuja kukagua mitambo yenu." Wakachanga wakicheka. Leo anawakagua, na hawacheki.

Mimi alikuja kuniomba saa moja. Nilidhani anataka saa ya mkononi. Alitaka saa moja ya muda wangu, niwafundishe vijana wake kusikiliza beringi mbovu kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikasimama mbele ya vijana wa chuo kikuu, nikafundisha, na Mwalimu akakaa nyuma kabisa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaandika kwenye daftari. Mmoja alipopiga soga alimwambia, "Andika wewe. Haya hayamo kwenye maktaba." Nimejenga nyumba tatu na nimesomesha watoto wote. Hakuna siku nilijiona mtu kama siku ile.

Na alikuwa na kichwa kigumu. Mfanyabiashara mmoja alitoa mabati ya karakana ya wanafunzi. Baadaye kijana wake akafeli somo la Mwalimu, na mzee akapiga simu akakumbusha mabati. Mwalimu hakubishana. Aliwaita wanafunzi wapande juu, wayafungue bati moja moja bila kutoboa tundu jipya, akayapakia yote akayarudisha. Walisoma juani muhula mzima. Mimi nilimwambia ni ujinga, bati halijui limetoka kwa nani. Akasema, "Bati halijui. Mtihani unajua."

Baada ya hapo mimi nikatoa fedha, nzuri tu, na nikataka kibao ukutani chenye jina langu. Mwaka uliofuata nikauliza kibao kiko wapi. Akanijibu kavu kwamba fedha ya kibao amenunulia vyuma vya shafti, ile mihimili inayozungusha mashine. Nilimnunia miezi. Mtu aliyerudisha mabati kwa ajili ya haki anakulaje kibao cha mwenzake? Sikupata jibu, na yeye hakunipa.

Nimezunguka vya kutosha. Hapa ndipo pagumu.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Mimi nilikuwa fundi, yeye msimamizi. Watu walimpenda kuliko mimi, maana alikuwa anapima debe kwa huruma. Msimu mmoja wa mavuno shafti ikalika. Kuagiza mpya ni kungoja wiki, na watu wamejipanga na mahindi yao mpaka barabarani. Nikachukua vipande viwili vya chuma nikaviunga. Nikasawazisha kwa jiwe la msasa, nikapiga rangi, usingejua kuna kiungo. Ikafanya kazi misimu miwili. Msimu wa tatu, asubuhi, ikakatika ikiwa kwenye mwendo. Puli, lile gurudumu la mkanda, ikaruka na kumpiga mdogo wangu kifuani. Alikuwa amekufa kabla hawajamfikisha barabarani.

Kwenye mazishi watu walitaka kujua imekuwaje. Nikasimama, kaka wa marehemu, fundi wa wilaya nzima, nikasema, "Mdogo wangu alifungulia maji kupita kiasi. Nilimkataza mara nyingi." Ukweli ni kwamba nilimkataza mara moja, mwaka wa nyuma, kwa jambo lingine. Watu wakatikisa vichwa. Shemeji yangu, mke wake, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na watoto wake watatu, akanitazama, na aliyaamini maneno yangu. Nani mwingine angemwambia? Mimi ndiye niliyekuwa nazijua mashine.

Mwalimu alikuwepo. Niliona viatu vyake vina matope ya mtoni, nikajua amepitia kwenye mashine kabla ya kuja msibani. Baada ya chakula alinishika mkono.

"Pole, Fundi. Kile chuma kiko wapi?"

"Kipo."

"Nipe nikipeleke chuoni."

"Leo siyo siku yake."

"Ni kweli," akasema. "Siyo leo."

Nikakifunga kwenye kiroba nikakipandisha darini kwenye ghala langu la kahawa. Kilikaa huko miaka kumi na miwili.

Kila msimu Mwalimu alikuja, na kila msimu nilimpa kitu. Nilimpa mbao za meza za karakana. Nilimpa jenereta. Nililaza vijana wake kwangu, nikawalisha, nikawapa saa siyo moja, siku nzima. Watu walisema hakuna mfadhili wa chuo kama mimi huku juu, na ni kweli. Yeye alishukuru, akapakia, akafunga kamba. Halafu, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, aliuliza, "Na kile?"

"Bado."

"Haya."

Hakuwahi kusukuma. Angenisukuma ningemfukuza na mambo yangeisha. Alikuwa anauliza kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa wako.

Mtoaji mwingine alikuwa shemeji yangu. Yule mama, mjane, anayelima ngoro kwa mkono wake, kila mwaka alimpa Mwalimu gunia la maharage kwa chakula cha wanafunzi. Halikuwa la kubahatisha. Alilichambua punje kwa punje. Mwaka mmoja nilikuwepo akikabidhi. Mwalimu akamwambia, "Mama, hili ni kubwa, una watoto." Shemeji akamjibu, "Mwalimu, wape wale washibe, wasikilize unachowafundisha. Wasije wakawa wazembe kama baba watoto wangu."

Nilitazama chini. Mwalimu alinyanyua gunia mwenyewe, mzee yule, akakataa kusaidiwa.

Miaka hiyo hiyo alikuwa anatuma vijana kwenye mashine nyingine nne nilizozitengeneza mimi, moja njia ya Liparamba, nyingine huku huku milimani. Walipima, walichora, na wenye mashine waliniambia chuo kimewawekea shafti mpya za majaribio, bure. Nikavimba kichwa. Nikikaa na wazee baada ya misa nilisema chuo kikuu kinasoma kazi zangu. Mtu akinibishia nilimwambia nenda ukaulize.

Mwaka mmoja Mwalimu hakuja. Kahawa ikaiva, ikachumwa, ikaanikwa, na pikapu lake halikuonekana. Nilikuwa nimemwandalia mabomba ya chuma, mapya kabisa, yamesimama ukutani. Nikasikia amestaafu, yuko kwao ziwani, sukari imemla macho. Nikakaa siku kadhaa. Nitaeleza kitu ambacho mtu wa umri wangu anaona aibu kukisema: nilikosa kuulizwa. Hakuna aliyeniuliza "Na kile?", na chuma kile darini kikawa kizito kuliko kilivyokuwa miaka yote akikiomba. Nikapanda ngazi nikakishusha. Nikamwambia dereva tunakwenda upande wa Ngumbo.

Tulifika saa nne za asubuhi. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, amekonda, shati limekuwa kubwa. Binti yake akanipa stuli akaenda zake kuanika dagaa.

"Nani huyo?"

"Fundi."

"Mchimba mashimo. Umeteremka kufanya nini kwa wala mihogo?"

"Nimeleta kile."

Nikasikia ziwa na binti yake akifukuza kuku. Mwalimu akanyoosha mikono yote miwili, na nikamwekea mapajani. Alifungua kiroba mwenyewe. Akatafuta mahali kilipokatikia, akaweka kidole gumba, akakizungusha taratibu, ukingoni, katikati, ukingoni.

"Niambie unachokiona. Mimi macho sina."

"Mwalimu, unajua."

"Niambie."

Nikamwambia, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Ukingo wote umekwaruzika, ni mpasuko mpya, ulitokea siku ile. Katikati kuna kutu.

"Kutu ya siku ile?"

"Ya zamani. Ilikuwa imeshakula kabla hakijakatika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo katikati hakikuungana hata siku moja. Nilichomelea ngozi tu. Nilikuwa na haraka, sikuchonga ncha zikutane ndani. Nikasawazisha juu nikapiga rangi."

"Na maji?"

"Maji yalikuwa ya kawaida."

"Nani alikosea?"

"Mimi."

Sikuwa nimewahi kulitamka, hata kitubioni. Mwalimu hakunipa pole. Alikilaza chuma vizuri mapajani kama mtoto aliyesinzia.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Siku ya mazishi. Nilikishika kabla yako."

"Na zile mashine nne?"

"Zote ulikuwa umeziunga vile vile. Tulibadilisha. Niliwaomba wenyewe wasikwambie. Vyuma vilitoka kwenye fedha yako ya kibao."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Miaka kumi na miwili anakula kwangu, analala kwangu.

"Nilitaka ukitoe mwenyewe," akasema. "Mtu akinyang'anywa kosa lake hajifunzi kitu, atabaki anaitetea rangi aliyopiga. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikasema atakitoa mwakani. Nikasema mwaka ule mwingine. Nilijiona mwalimu kweli kweli, Fundi. Kumbe ada alikuwa analipa shemeji yako."

Akatafuta leso, hakuipata, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Nimekula maharage yake. Kila mwaka ananiambia mumewe alikuwa mzembe, na mimi, ninayejua, napakia gunia. Nililinda jina lako nikaliacha la marehemu lichafuke. Katika kazi yangu yote sikuwahi kusema uwongo juu ya chuma. Huu niliusema kwa kunyamaza."

Kisha akakifunga kile chuma kwenye kiroba, akapapasa kunitafuta, akanirudishia.

"Sikipokei."

"Umekiomba miaka kumi na miwili."

"Nilikuwa nakiomba kiende mahali pasipo pake. Kipeleke kwake kwanza. Kikitoka mikononi mwake, akikuruhusu, ndipo ukipeleke kwa vijana, na usimame nacho wewe, uwaambie. Chuo kitakungoja."

"Nikifika nimwambie nini?"

"Yale yale uliyoniambia mimi. Usiongeze rangi."

Nilipoinuka alishika kiganja changu akakipapasa, makovu ya moto yote, kama alivyopapasa kile chuma. Mimi nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu niliyemheshimu kama yeye, lakini sisi wa huku maneno hayo hatuna mazoea nayo, nikamwambia, "Lile bomba lako la jikoni linavuja bado?" Akasema, "Liache." Sikumwona tena. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Siku ile ile niliyotoka kwake sikupita nyumbani kwangu. Niliogopa nikiingia ndani sitatoka. Nilishukia kwa shemeji. Alikuwa uani, ametandika turubai, anachambua maharage. Gunia lilikuwa pembeni, nusu.

"Shikamoo, shemeji," akanisalimu.

"Marahaba."

"Mbona hukai? Mwalimu mwaka huu hakuja, lakini nimesema nichambue tu, atatuma mtu."

Nikaweka kiroba juu ya turubai nikakifungua. Alikijua. Alirudisha mikono yake nyuma. Nikasema yale yale, kwa mpangilio ule ule, ukingo, katikati, kutu, ngozi, rangi, maji. Sauti haikuwa yangu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nionyeshe ulipounga."

Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, akakiacha.

"Kwa hiyo hakufungulia maji."

"Hakufungulia."

"Nilimsema," akasema. "Usiku na mchana nilimsema, mtu amelala kaburini. Mwanangu wa kwanza alipopata mtoto wa kiume nilimwambia mpe jina la baba yako. Akaniambia mama, sitaki mtoto wangu aitwe jina la mzembe. Na mimi, shemeji, nilimkubalia."

Nilitaka alie, au anitukane, au anitupie kile chuma, chochote ambacho kingeniruhusu kuondoka. Hakufanya hivyo. Alijifuta vumbi la maharage kwenye kanga, akachukua simu, akawapigia watoto wake mmoja mmoja. Aliwaambia waje nyumbani leo, wote, waache walichokuwa wanafanya, na yule wa kwanza aje na mtoto.

Kisha akasogeza gunia kunipa nafasi kwenye turubai.

"Kaa chini. Wakifika utawaambia wewe."

Nikakaa.